Kabla ya kugawa matarumbeta, leta chupa, mrija na mpira wa maji

Walimu wenzangu mnaoanzisha bendi za shule hapa Dodoma, siku ya kwanza acheni ala kabatini. Njooni na chupa tupu ya soda, mrija wa plastiki na kipande cha mpira wa maji.

Puliza juu ya mdomo wa chupa: hivyo ndivyo filimbi inavyolia, pumzi ikikatwa na ukingo. Bana ncha ya mrija, uikate pande mbili ichongoke, kisha puliza. Huo ni ulimi unaotetema, kama wa zumari. Hapo mtoto ataelewa kwa nini saksafoni, ingawa ni ya shaba, iko ukoo mmoja na klarineti. (Ndimi za tete huharibika upesi kiangazi chetu hiki kikavu, zitunzeni kwenye kikopo chenye mfuniko.)

Mpira ndio utamu wenyewe. Kata kama mita 1.4, karibu urefu wa bomba la tarumbeta likinyooshwa. Chomeka faneli mwisho mmoja, watetemeshe midomo mwisho wa pili. Wakikaza midomo, sauti haipandi polepole, inaruka ngazi. Ngazi hizo ndizo sauti asilia ambazo uimbaji wa Kigogo umejengwa juu yake! Mtoto wa Chamwino au Bahi aliyekulia kwenye nyimbo hizo anazo masikioni tayari. Mwombeni aimbe kwanza, kisha azitafute kwenye mpira. Wanaoanza hivi nimeona wakishika tarumbeta bila woga, na vali (vile vibonyezo vya tarumbeta) wanazielewa haraka: kazi yake ni kurefusha bomba.