SOMO: Kupitisha barua pepe kati ya seva za mashirika mawili yenye domeini moja ya mradi (Postfix)

Wakuu, habari za majukumu. Swali hili nimelijibu inbox mara nne mwezi huu, na mara zote nne nimeandika yaleyale kwa kidole gumba nikiwa kwenye daladala. Naliweka hapa mara moja. Ukiniuliza tena nakutumia kiungo tu, tusilaumiane.

Hali yenyewe: mashirika mawili, kila moja lina seva yake na domeini yake. Wamepata mradi wa pamoja, mfadhili anataka anwani za watu wa mradi zifanane, basi inanunuliwa domeini ya tatu. Nusu ya watumishi wako kwenu, nusu kwa jirani, na hakuna anayetaka kuhama alipozoea kusomea barua zake.

Nitatumia kwetu.example, jirani.example na mradi.example. Weka zako. Seva zote ni Postfix (programu ya kupitisha barua pepe) kwenye Debian 12, zimeunganishwa kwa WireGuard (VPN, yaani njia ya siri kati ya seva): yetu ni 10.20.0.1, ya jirani 10.20.0.2.

Hatua ya 1. VPN iwe imesimama na kila seva ifike poti 25 ya mwenzake: `nc -vz 10.20.0.2 25`. Ikigoma hapo, usiendelee.

Hatua ya 2. Bekapu: `cp -a /etc/postfix /root/postfix-bekapu`.

Hatua ya 3. Njia ya kwenda kwa jirani. Ndani ya main.cf (faili kuu la mipangilio ya Postfix):

`transport_maps = hash:/etc/postfix/transport`

Ndani ya faili la transport:

`jirani.example smtp:[10.20.0.2]:25`

Kisha `postmap /etc/postfix/transport` (inageuza faili kuwa jedwali ambalo Postfix inalisoma) na `postfix reload`. Mabano ya mraba si mapambo. Yanaiambia Postfix isihangaike na rekodi za MX (zinazotaja kwenye DNS seva inayopokea barua za domeini), iende hapohapo ilipoelekezwa. Ukiweka jina la seva bila mabano, itauliza DNS kwanza, na jina hilo likiwa na MX yake ya hadharani, barua itatoka kwa njia ya intaneti huku wewe unajisifia kwa bosi kwamba inapita VPN. Hakiki hivi: `postmap -q jirani.example hash:/etc/postfix/transport`. Ikinyamaza, umekosea herufi au umesahau postmap. Jirani naye anafanya hivyohivyo kuelekea 10.20.0.1.

Hatua ya 4. Hii ni ya kutofanya: usiiweke jirani.example kwenye relay_domains (orodha ya domeini za wengine unazokubali kuzipokelea barua). Watu wako wanaruhusiwa tayari kutuma popote, ama kwa mynetworks (anwani za mtandao unazoziamini) ama kwa nywila zao. Ukiiongeza pale, mtu yeyote duniani anaweza kukukabidhi spamu ya jirani nawe ukamfikishia mpaka ndani, tena kwa mlango wa nyuma ambao haupiti kwenye kichujio chake.

Hatua ya 5. Domeini ya mradi. Hapa vuta kiti, maana mimi nilishaungua.

Mara ya kwanza nilitaka usawa. Seva zote mbili ziimiliki mradi.example, kila moja na orodha ya watu wake, na asiyejulikana hapa apelekwe kwa mwenzake. Nikaiacha local_recipient_maps tupu (seva isikatae jina lolote mlangoni), nikaweka fallback_transport kuelekea kwa jirani, jirani akafanya vilevile kuelekea kwetu. Tukajaribu kwa anwani sita, zote zikafika. Tukapongezana. Ijumaa jioni mhasibu mmoja akamwandikia mwenzake, akaruka herufi moja ya jina, na akaambatisha skani za risiti, megabaiti 9. Seva yetu: huyu simjui, nenda kwa jirani. Ya jirani: simjui mimi, rudi ulikotoka. Postfix hukata mchezo huo barua ikishabeba vichwa vya Received 50 (ndiyo hopcount_limit ya kawaida), na logi inaandika `554 5.4.0 Error: too many hops`. Sasa piga hesabu. Kiambatisho kikishafungwa kwa base64 kinaongezeka kama theluthi, hivyo barua ni megabaiti 12. Mara safari 50, ni megabaiti 600 kwa barua moja. Kwa jirani intaneti ilikuwa modemu ya 4G yenye bando. Mhasibu hakuona jibu lolote, akatuma tena. Na tena. Na tena. Jumatatu asubuhi jirani ananipigia kwa laini ya mtu mwingine, bando limekwisha, ofisi nzima haina mtandao, na mimi ndiye niliyesema "hii ni dakika kumi tu".

Kosa halikuwa herufi ya mhasibu, maana watu watakosea herufi kila siku. Kwenye mfumo mzima hapakuwa na seva hata moja yenye mamlaka ya kusema "mtu huyu hayupo". Domeini lazima iwe na mwenyewe mmoja. Chagueni nani; sisi tulichagua seva yenye umeme wa uhakika. Kwenye seva ya mwenyewe, main.cf:

`virtual_alias_domains = mradi.example`
`virtual_alias_maps = hash:/etc/postfix/virtual`

Ndani ya faili la virtual:

`fedha@mradi.example fedha@kwetu.example`
`shamba@mradi.example shamba@jirani.example`

Kisha `postmap /etc/postfix/virtual` na reload. Rekodi ya MX ya mradi.example ielekee kwa mwenyewe peke yake. Jirani haimiliki kabisa. Kwake ni domeini ya watu wengine, ana mstari mmoja tu kwenye transport: `mradi.example smtp:[10.20.0.1]:25`. Anwani isiyoandikwa inakataliwa mlangoni kwa 550, na aliyetuma anajua papo hapo.

Tahadhari tatu. Ondoa fallback_transport na urudishe local_recipient_maps ilivyokuwa, PANDE ZOTE MBILI. Usiiandike mradi.example kwenye mydestination pia. Postfix itakuonya kwenye logi na wewe hutasoma. Na usiweke mstari wa `@mradi.example` wa kukamata kila kitu "ili tusipoteze barua". Mstari huo ndio unaomnyima mwenyewe kusema hapana: utapokea takataka za dunia nzima, jirani atazikataa, na wewe utabaki unawarudishia watu ambao hawakukuandikia.

Ndiyo, barua ya mtu wa jirani kwenda kwa jirani mwenzake kwa anwani ya mradi itakuja kwetu kisha irudi. Safari mbili. Mbili si hamsini.

Hatua ya 6. Barua zinazotoka. Seva zote mbili zitatuma kwa jina la mradi.example, kwa hiyo SPF (rekodi ya DNS inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeini) izitaje zote ndani ya rekodi MOJA: `v=spf1 ip4:192.0.2.10 ip4:198.51.100.20 -all`. Rekodi mbili za SPF kwa domeini moja ni kosa, hazijumlishwi. Kwa DKIM (sahihi ya kidijitali ya barua) kila seva iwe na ufunguo wake na selekta yake (jina la ufunguo kwenye DNS); msitumiane ufunguo wa siri kwa WhatsApp.

Hatua ya 7. `sendmail -bv shamba@mradi.example` inakuletea ripoti ya njia bila kumfikishia mtu barua. Halafu tuma ya kweli, uangalie kwenye logi `relay=10.20.0.2` na `status=sent`. Mwisho tuma kwa jina la uongo. Ukikataliwa, umefaulu.

---

mgeni_2: Mkuu haifanyi kazi. Nimefuata kila kitu. Nisaidie haraka bosi amesimama hapa.

Mleta mada: Logi? Faili la transport?

mgeni_2: `jirani.example smtp:10.20.0.2`

Mleta mada: Hatua ya 3. Mabano.

mgeni_2: Nimeweka bado.

Mleta mada: postmap.

mgeni_2: Imekubali. Asante mkuu, sikusoma hadi mwisho wa mstari.

kebo_nyekundu: Somo zuri. Swali: mtu wa nje akiandika kwa shamba@mradi.example, barua inafika kwanza kwenu, ninyi mnaisukuma kwa jirani. Jirani akipima SPF ataona imetoka 10.20.0.1, anwani ambayo mtumaji hajaitaja popote. Haitakataliwa?

Mleta mada: Hili ndilo swali nililokuwa nalingoja. Itakataliwa, kama jirani anapima SPF kwa ukali. Wengi hukimbilia kuiweka 10.20.0.1 kwenye mynetworks ya jirani. Inatibu, lakini inaipa seva yetu ruhusa ya kutuma popote kupitia kwake, na siku tukidukuliwa tunazama wote. Badala yake, kwa jirani, ndani ya smtpd_recipient_restrictions, weka `check_client_access hash:/etc/postfix/majirani` BAADA ya reject_unauth_destination (inayokataa barua za domeini zisizo zetu) na KABLA ya check_policy_service inayopima SPF. Ndani ya faili: `10.20.0.1 OK`. Mpangilio ndiyo dawa yenyewe. Hapo OK inamaanisha "barua ya watu wetu kutoka kwa huyu usiipime SPF", basi. Ukiipandisha juu ya reject_unauth_destination unaweza kurudi kulekule kwenye mynetworks. Kupima kufanyike kwetu, kwenye mlango wa kwanza, ambako anwani ya mtumaji halisi bado inaonekana. DKIM haina shida, sahihi inasafiri na barua mradi hakuna anayegusa maudhui. Wanaobandika maneno ya kisheria chini ya kila barua, mjue mnaivunja.

kebo_nyekundu: Nimekusoma. Kwa hiyo kichujio cha spamu nacho kikae kwa mwenyewe.

Mleta mada: Hasa. Na kikatae mlangoni, kisipokee kwanza ndipo kijutie.

mchongo_IT: Haya mateso yote ya nini? Hamieni Microsoft 365 mlale.

Mleta mada: Lete bajeti nihamie kesho. Na huko nako domeini ikigawanywa kati ya mifumo miwili unaulizwa uchague: mwenyewe, au msukuma barua kwa wengine. Pande zote mbili zikichagua kusukuma, zinazunguka vilevile. Kulipia hakuondoi swali la nani mwenyewe.

mchongo_IT: Sawa mkuu, nilikuwa nauliza tu.

seva_ya_shamba: Mimi kwangu ajabu. Barua fupi zinapita, zenye kiambatisho zinakwama kwenye foleni. Nimekuta kwenye logi: `conversation with 10.20.0.2[10.20.0.2] timed out while sending message body`. Nimezima fayawoli, nimeongeza message_size_limit, hola.

Mleta mada: Umeleta logi bila kuombwa, Mungu akubariki. Hilo si la Postfix. Salamu za SMTP ni pakiti ndogo zinapita. Mwili wa barua ni pakiti zilizojaa, na katikati kuna kifaa kinazimeza bila kusema. WireGuard huwa na MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) 1420, lakini laini iliyo chini yake ikiwa nyembamba kuliko 1500, hiyo 1420 inaweza kuwa kubwa mno. Jaribu `ping -M do -s 1392 10.20.0.2`, ambayo ukiongeza vichwa inatimia 1420. Ikifa, shuka hadi ipite.

seva_ya_shamba: 1392 inakufa. 1300 inapita!

Mleta mada: Weka `MTU = 1280` kwenye faili la WireGuard pande zote mbili, washa upya VPN, kisha `postqueue -f` kusukuma foleni.

seva_ya_shamba: Barua 31 zimetoka kwa mpigo. Wiki mbili nimekuwa nawaambia watu wapunguze picha.

kebo_nyekundu: Nyongeza kwa wenye mifumo mipya: kuna iliyoachana na Berkeley DB, kwa hiyo `hash:` haipo. Angalieni kwa `postconf -m`. Mkiona lmdb, andikeni `lmdb:` kila mahali mleta mada alipoandika `hash:`, na mrudie postmap.

Mleta mada: Ahsante, hilo nilisahau kabisa. Kwa jirani tunahamia seva mpya mwezi ujao, ningeangukia humohumo.

foleni_ndefu: Naomba kuuliza, na mtumishi wa kwa jirani akiacha kazi? Jirani amefuta akaunti, kwenye virtual ya mwenyewe bado yupo.

Mleta mada: Mwenyewe atapokea, jirani atakataa, mwenyewe atarudisha kwa mtumaji. Si duara, ila ni uchafu. Sisi jirani anatutumia orodha ya watu wake kila Ijumaa mchana, naipitia kabla ya chai. Kuna wanaoiandikia skripti, mimi bado napenda kuona majina kwa macho.

mgeni_2: Mkuu samahani, naweza kuweka domeini ya mradi kwenye seva zote mbili ili moja ikizima nyingine ipokee?

Mleta mada: Hatua ya 5. Soma polepole, ukifika kwenye bando simama.