Jinsi ya kuwafunza viongozi wa kujitolea wa klabu ya kuzungumza hadharani

Klabu ya kuzungumza hadharani haivunjiki kwa kukosa wasemaji hodari. Huvunjika kwa sababu ratiba ya wiki ijayo ina nafasi tupu, mgeni alikuja mara mbili bila mtu kumpigia simu, na viongozi wapya walipewa vyeo pasipo kuonyeshwa kazi. Mafunzo ya muda wa saa tatu yanatosha kuziba mianya hiyo, mradi muda mwingi utumike kutenda badala ya kusikiliza mawaidha kuhusu uongozi.

Anza na mgawanyo wa kazi. Toastmasters International, shirika la klabu za kuzungumza hadharani lililoasisiwa California mwaka 1924, huweka viongozi saba katika kila klabu: rais, makamu wa elimu anayepanga ratiba ya mikutano, makamu wa uanachama anayeshughulikia wageni, makamu wa uenezi, katibu, mweka hazina na msimamizi wa ukumbi. Mgawanyo huo unafaa hata klabu isiyo chini yao. Mkiwa wachache, katibu anaweza kushika pia hazina, ingawa hapo inafaa rais akague hesabu kila mwezi. Elimu na uanachama msimpe mtu mmoja. Kila moja ni kazi ya kila wiki, na anayebeba zote mbili huishia kuhangaika na ratiba huku wageni wakisahaulika.

Fanyeni mafunzo kabla ya siku ya kushika ofisi, kisha mrudie katikati ya muhula, wakati maswali ya kweli yameshajitokeza. Dakika 30 za kwanza ziwe za makabidhiano: anayeondoka anakuja na orodha ya wanachama, nywila za kurasa za klabu, daftari la fedha na vifaa vya ukumbi, na anayeingia anavikagua papo hapo. Nywila ijaribiwe mbele ya wote wawili. Ikigundulika miezi mitatu baadaye kwamba haifanyi kazi, aliyeondoka huenda hapatikani tena.

Baada ya hapo, mpe makamu wa elimu muda mrefu kuliko wengine wote. Mwekee mezani majina ya wanachama na jedwali tupu la mikutano minane, naye alijaze. Mkutano wa dakika 90 wenye hotuba tatu unahitaji mshereheshaji, wazungumzaji watatu, watathmini watatu, msimamizi wa hotuba za papo kwa papo, mtathmini mkuu anayetathmini mkutano mzima, mtunza muda na msikilizaji wa lugha anayefuatilia matumizi ya lugha. Hao ni watu 11. Klabu ya watu 12 ikipata udhuru wa watatu tu, tayari kuna wanaobeba kazi mbili, na wakichoka huacha kuja. Toastmasters hudai watu 20 kabla ya kusajili klabu mpya, na hata klabu inayojitegemea ingefanya vyema kulenga idadi hiyo.

Mfundishe pia kuhesabu dakika. Hotuba tatu za dakika 5 hadi 7 huchukua 21. Tathmini tatu za dakika 2 hadi 3 huchukua 9. Watu wanane wa papo kwa papo, dakika 2 kila mmoja, ni 16. Jumla ni 46, na zilizobaki huliwa na ufunguzi, utambulisho, ripoti, mapumziko na matangazo. Mtunza muda wa hotuba ya dakika 5 hadi 7 huonyesha ishara ya kijani dakika ya 5, njano ya 6 na nyekundu ya 7, kisha msemaji ana sekunde 30 za kumalizia. Asipozisimamia ishara hizo, msemaji wa tatu ndiye anayekatwa, na mara nyingi ni yule mpya aliyejiandaa wiki nzima.

Kosa kubwa katika kazi ya makamu wa elimu ni kuandika kwenye kundi la simu: “Nani atazungumza wiki ijayo?” Kila mmoja humsubiri mwenzake, basi kimya kinatanda. Mfunze kumwomba mtu mmoja kwa jina, siku saba kabla, kuthibitisha tena saa 48 kabla, na kuweka msemaji wa akiba katika kila mkutano. Mwanachama mpya apewe kwanza utunzaji wa muda, kisha apangiwe tarehe ya hotuba yake ya kwanza ndani ya wiki nne. Akikaa muda mrefu bila tarehe, hujiona mtazamaji tu, na watazamaji hawalipi ada mara ya pili.

Sehemu ya wageni ifanywe kwa maigizo. Mmoja anaingia kama mgeni mwenye haya, na makamu wa uanachama anampokea mlangoni, anamketisha kando ya mwanachama mzoefu na kumwambia waziwazi kwamba halazimiki kusema neno. Mwisho wa mkutano anamuuliza ameonaje, kisha anamwalika ajiunge. Wengi huishia kwenye “karibu tena” wakidhani wamealika. Rudieni igizo mpaka mwaliko utamkwe bila kigugumizi, na simu ya kumfuatilia mgeni ipigwe ndani ya siku mbili.

Klabu iandike kila mwezi wageni wangapi walikuja na wangapi walijiunga. Wageni wakiwa wachache, tatizo liko kwenye uenezi. Wakija wengi bila kujiunga, chunguzeni mkutano wenyewe: je, ulianza kwa wakati, na je, tathmini zilimsaidia msemaji? Watathmini wafunzwe kutaja jambo moja lililofanikiwa, jambo moja la kurekebisha, na namna ya kulirekebisha. “Ongeza sauti” haitoshi. “Vuta pumzi kabla ya sentensi ya kwanza, na mtazame aliyeketi safu ya nyuma” ni kitu mtu anaweza kwenda kukifanyia mazoezi.

Kila kiongozi aondoke na kazi tatu zenye tarehe za kukamilika, na rais azifuatilie siku ya 30. Aliyekwama asaidiwe mapema, maana anayejitolea akielemewa huona aibu na kuanza kukwepa simu. Rais amtafute ana kwa ana, amuulize ni kazi ipi anaiweza kwa sasa, na zilizobaki azikabidhi kwa mwingine wiki hiyohiyo. Kufikia mwezi wa tatu, kila ofisi iwe na msaidizi anayejifunza kazi hiyo, ili uchaguzi ujao umkute mtu aliyekwisha kupanga ratiba au kufunga hesabu walau mara mbili.