Kuchagua njia ya kufunga jeraha la moto

Kabla ya kufikiria bandeji, lipoze jeraha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Hata zikipita saa 2 au 3 tangu mtu aungue, maji bado yanasaidia. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta ya kupikia, kwani huficha kina cha jeraha, na muuguzi atalazimika kuvitoa juu ya nyama inayouma.

Kina ndicho kinachoamua njia. Jeraha lenye malengelenge, jekundu, lenye majimaji na linalouma sana, kwa kawaida hupona ndani ya wiki 3. Lililo jeupe au la kahawia, kavu na lisilouma limeunguza ngozi yote, na hilo ni la hospitali, ambako mara nyingi huhitaji kupandikizwa ngozi.

Kwa jeraha la juujuu, yaani lile la malengelenge, shashi yenye vaselini hutosha mara nyingi. Kidonda kikishaoshwa, iweke juu yake, ifunike kwa shashi kavu nene ya kunyonya majimaji, kisha ufunge bandeji bila kukaza. Hubadilishwa kila baada ya siku 2 au 3. Ikiwa imeganda, iloweshe kwa maji safi ya chumvi hadi iachie yenyewe, kwa sababu ukiivuta unang'oa ngozi changa iliyoanza kuota.

Krimu nyeupe ya silva salfadiazini, inayotumika tangu miaka ya 1960, imezoeleka mno kiasi kwamba hupakwa kwenye kila jeraha la moto. Huzuia bakteria, lakini huacha utando unaoficha kidonda, hupaswa kupakwa upya kila siku, na kwenye majeraha ya juujuu huchelewesha kupona. Kwa maoni yangu, isiwe chaguo la kwanza kwa majeraha hayo. Haifai kabisa kwa mjamzito aliyekaribia kujifungua, kwa mtoto wa chini ya miezi 2, wala kwa mwenye mzio wa dawa za salfa.

Asali imeonekana katika tafiti kuponya majeraha ya aina hii siku 4 hadi 5 mapema kuliko baadhi ya njia za kawaida. Lakini iwe iliyotakaswa kwa ajili ya vidonda, si ya sokoni. Bandeji zenye madini ya fedha ni ghali, ila nyingine hukaa siku 3 hadi 7 bila kufunguliwa. Anayelinganisha bei na ahesabu pia nauli za kwenda zahanati kila siku, na kilio cha mtoto kila shashi inapobanduliwa; hapo bandeji ya bei ya juu huenda ikawa nafuu.

Vidole vifungwe kimoja kimoja, visije vikashikana. Jeraha la usoni, mikononi, sehemu za siri au kwenye viungo, au linalozidi viganja 10 (pamoja na vidole) vya mgonjwa mwenyewe, na viganja 5 kwa mtoto, lipelekwe hospitali siku hiyohiyo, na huko uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.