Kagua programu ya hisia ikiwa bado tupu

Mimi ni mwalimu, naishi Tanga, na sioni. Simu yangu ni Android ya bei ya kawaida, naitumia kwa TalkBack, kisomaji kinachotamka kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Programu za kurekodi hisia nazipenda kwa sababu moja: naweza kusema "leo hali mbaya" bila kumwambia mtu. Lakini nikikwama kwenye vile vinyuso vya katuni, wa kuniangalizia ni mpwa wangu. Ni kijana mwema, ila sitaki ajue kwamba jana usiku wasiwasi ulininyima usingizi. Kwa hiyo programu naikagua kabla sijaandika neno lolote la kweli, tena siku ambayo nafsi imetulia. Ikiwa tupu, hata mpwa akiitazama hana cha kusoma.

Kwanza jifiche. Vaa hedifoni sikio moja, fungua menyu ya TalkBack kwa kutelezesha kidole chini kisha kulia bila kukiinua, halafu chagua kuficha skrini. Mwenye iPhone anayetumia VoiceOver, kisomaji cha simu hizo, agonge mara tatu kwa vidole vitatu. Abiria wa pembeni kwenye daladala ataona kioo cheusi tu.

Sasa nenda kwenye nyuso. Telezesha kulia, uso mmoja baada ya mwingine, usikilize. Programu iliyotengenezwa vizuri itasema "nzuri sana", "wastani", "mbaya". Mbovu itarudia "kitufe, hakina lebo" mara tano, uachwe ukikisia furaha iko upande gani. Usiifute bado. Weka kidole kwenye uso, fungua menyu ya TalkBack, tafuta sehemu ya kuongeza lebo, uandike jina mwenyewe. Kwenye iPhone gonga mara mbili kwa vidole viwili, ule mguso wa pili ushikilie. Kazi hii ndiyo ya kumwitia mpwa, skrini ukiwa umeifichua: "Huu uso umenuna au unacheka?" Anajibu, unaandika, anaondoka. Vipo vitufe vinavyokataa lebo, kwa sababu aliyetengeneza programu hakuvipa kitambulisho cha ndani. Hapo hakuna ujanja.

Ukishagonga uso mara mbili kuuchagua, uguse tena usikilize. Je, simu inasema "umechaguliwa"? Kama iko kimya, utahifadhi rekodi bila kujua umehifadhi nini.

Programu nyingine hazina nyuso, zina kitelezi. Ile ya Afya kwenye iPhone, tangu iOS 17 ya mwaka 2023, inarekodi hisia hivyo. Kitelezi halisi hakikutesi: kwenye TalkBack ukikifikia, vitufe vya sauti vinakipandisha na kukishusha, kwenye VoiceOver unatelezesha kidole juu au chini. Kile kinachotaka kukokotwa kwa kidole tu, achana nacho.

Kisha rekodi siku ya uongo, mbaya kabisa, na maneno mawili matatu ya Kiswahili. Funga programu, ifungue tena, ujaribu kuisoma siku hiyo. Hapa ndipo nyingi zinapoangukia pua. Kalenda ya mwezi imepakwa rangi, kijani kwa furaha na nyekundu kwa huzuni, lakini sikioni unapata "kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne" utadhani mnadi wa samaki. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa za mtandao zitumike na watu wenye ulemavu, unakataza habari kubebwa na rangi peke yake, na umeliweka sharti hilo kwenye ngazi ya chini kabisa. Kwangu mimi, programu ninayoweza kuiandikia nisiweze kuisoma haina kazi. Tafuta kama inatoa data kwa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Hilo utalisoma mstari kwa mstari.

Kama ina PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona, sikiliza kwa makini. Ni maswali tisa, kila moja majibu manne ya alama 0 hadi 3, jumla ya juu 27. Ukisikia jibu "siku kadhaa" bila kutajiwa swali, kufika la sita umeshapotea, na alama utakayompelekea daktari itakuwa ya kubahatisha. Mazoezi ya kupumua yenye duara linalovimba kimyakimya, yaruke.

Ikishindwa yote, daftari la kawaida la simu linatosha: tarehe, namba 1 hadi 5, sentensi moja. Halina vinyuso, na kila herufi inasomeka.

Ila waandikie watengenezaji. "Programu yenu haifai" haiwasaidii. Mimi huandika hivi: "Natumia TalkBack kwenye Android. Kwenye ukurasa wa kuchagua hisia, vitufe vitano vinasomwa 'hakina lebo'. Naomba kila kimoja kitaje hisia yake, na kiseme kimechaguliwa. Kwenye kalenda, tarehe inasomwa bila hisia. Naomba zisomwe pamoja." Taja na toleo la programu. Likija toleo jipya, rudia jaribio la siku ya uongo kabla ya kuandika ya kweli, maana lebo ulizoweka kwa mkono zinaweza kupotea.