Jinsi ya kufuatilia timu ndogo ya Uingereza inayopambana isishuke daraja, ukiwa hapa hapa Mbeya

Wadau wa Mbeya, Iringa, Njombe na nyanda za juu zote, huu uzi ni wa wale waliochoka kubishana kila siku Arsenal au Man U. Kule chini ya msimamo wa EPL, ligi kuu ya Uingereza, kuna mechi za presha kuliko huko juu, ila ukitaka kuzifaidi lazima ujue unaangalia nini maana ukikaa tu unasubiri kibanda umiza kikuwekee mechi utaona zile ambazo hazina maana yoyote kwa timu yako. Hilo ndo la kushika kuliko yote hapa. Nitaeleza kwa kutumia Luton Town msimu wa 2023/24 kwasababu msimu wao ni darasa kamili, una kila kitu mpaka machozi.

Cha kwanza chagua timu kabla ligi haijaanza, sio mwezi wa pili ukishaona nani anaburuza mkia. Rahisi zaidi chukua moja ya zile tatu zilizopanda, hizo ndo huwa zinapewa kaburi mapema. Afu isome historia yake kidogo, inasaidia kuvumilia. Luton kwa mfano walikatwa pointi 30 msimu wa 2008/09 wakatupwa nje kabisa ya madaraja manne ya juu, wakarudi 2014, na 2023 wakaifunga Coventry kwa penati pale Wembley wakapanda EPL. Uwanja wao Kenilworth Road unaingiza watu elfu 12 hivi na mashabiki wageni wanapita mlango uliochomekwa katikati ya nyumba za watu, unapanda ngazi huku chini unaona nguo zimeanikwa uani kwa mtu. Timu ya hivyo ikacheza ligi moja na Man City, we utaachaje kuipenda.

Pili, sheria. Sisi huku tumezoea timu 16, mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja na mbili zinazofuata juu yake zinaingia kwenye mchujo, ndo ulivyotuondolea Mbeya City 2023 mbele ya Mashujaa wa Kigoma (walirudi 2025 lakini, tusianze kulia). Uingereza hakuna mchujo wa kujiokoa. Timu 20, mechi 38, wa 18, wa 19 na wa 20 wanaondoka, basi. Mkilingana pointi inaangaliwa tofauti ya mabao, mkilingana tena mabao ya kufunga. Kwahiyo ukisikia mtu anasema "tumefungwa tano lakini si tulishafungwa tu" mwambie akae chini, ile ya nne na ya tano zina hesabu yake mwezi wa tano.

Sasa hesabu yenyewe. Utasikia watu wanasema pointi 40 ndo usalama. Achana nayo. West Ham walishuka 2003 wakiwa na 42, na 2024/25 Leicester aliyekuwa wa 18 alikuwa na 25 tu, yaani zile pointi 26 walizoshuka nazo Luton 2023/24 zingewatosha kubaki msimu huo. Usihesabu kuelekea 40, hesabu pengo kati yako na wa 17. Chukua daftari lile la shule, ukurasa mmoja andika timu tano za chini, kila wikiendi pointi na tofauti ya mabao. App zipo ndio, ila ukiandika kwa mkono unaona kitu kinavyosogea, na umeme ukikatika au bando likiisha daftari bado lipo.

Hapa sasa ndo penye utamu. Ukipata ratiba, zungushia zile mechi za nyumbani dhidi ya wenzako wa mkiani. Hizo ndo msimu wako. Mechi na Liverpool, Arsenal, City ni za kujifurahisha. Luton walitoka sare moja moja na Liverpool pale kwao wakisawazishiwa na Diaz dakika za nyongeza, wakapigwa nne tatu na Arsenal kwa kichwa cha Rice dakika ya 97, wakatoka nne nne na Newcastle ugenini, wakamchapa Brighton nne bila mshambuliaji wao Adebayo akipiga hat-trick (mabao matatu) na la kwanza ndani ya sekunde 18! Dunia nzima ikawa inawasifia. Ile ya Arsenal ilikuwa Jumanne saa 5 na robo usiku na kila kibanda kiliiweka, kwasababu ya Arsenal sio kwasababu ya Luton.

Ila sasa fungua daftari. Burnley alishuka. Alikuja Kenilworth Road akashinda mbili moja. Sheffield United alikuwa wa mwisho kabisa na pointi 16, msimu mzima alishinda mechi TATU, na moja ya hizo tatu ni pale pale kwa Luton, tatu moja, wiki moja tu baada ya ile nne nne ya Newcastle. Umeona? Timu iliyomtoa jasho Arsenal imeacha pointi sita nyumbani kwa watu wawili walioshuka nao. Nani aliweka hizo mechi kwenye TV kubwa huku kwetu? Hakuna, au labda kwenye kona kwa sauti ya chini.

Afu ongeza ya Bournemouth. Desemba 2023 mechi ilisimamishwa ikiwa moja moja baada ya nahodha Tom Lockyer kuanguka uwanjani moyo umesimama, akapona mshukuru Mungu, mechi ikarudiwa upya mwezi wa tatu. Mpaka mapumziko Luton anaongoza tatu bila. Ikaisha nne tatu kapigwa.

Mwisho wa msimu Luton 26, Nottingham Forest wa 17 ana 32. Jaribu kuwarudishia zile mechi mbili za Burnley na Sheffield, pointi sita, wanafika 32 sawa na Forest... na bado wanashuka! Tofauti ya mabao Luton hasi 33, Forest hasi 18. Na wakati huo huo Luton walifunga mabao 52, Forest 49. Tatizo lilikuwa 85 waliyoruhusu. Mi nikikutana na mtu anasema tofauti ya mabao ni urembo wa msimamo namuonyesha hiyo tu simuongezi neno.

Kitu kingine siku hizi, kukatwa pointi kwasababu ya matumizi kuzidi mapato. Msimu huo Everton walikatwa 10, wakakata rufaa ikawa 6, baadae wakaongezewa adhabu ya 2. Forest wakakatwa 4. Ndo maana lile daftari liandike kwa penseli. Ila usiishi kwa kusubiri jirani akatwe, wote wawili walibaki na hayo makato yao.

Kuhusu muda, hapa wengi wanapotea. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu tunawazidi saa tatu, miezi mingine saa mbili. Mechi yao ya Jumamosi saa 9 alasiri kwetu inakuwa saa 12 jioni kipindi cha baridi yao na saa 11 kipindi kingine. Na usidharau huo muda, mechi za Jumamosi saa 9 hazionyeshwi laivu kwenye TV za Uingereza kwenyewe, wana utaratibu wa kulinda viwanja vya madaraja ya chini visikose watu. Shabiki wa Luton asiye na tiketi anasikiliza redio huku we umekaa Mwanjelwa unaiona. Raha gani hiyo.

Sasa kumshawishi mwenye kibanda. Usiende peke yako ukaanza kumwelezea historia ya Luton, hataki, anataka jero zako. Nenda na watu watano sita, mwambie mapema kama Alhamisi kabla hajaandika ubao, na chagua siku ambayo Simba na Yanga hawachezi na wakubwa wa EPL wamecheza mchana au wanacheza usiku. Ukimwambia "bro mechi ya saa 12 tuwekee kwenye ile TV ndogo ya nyuma tunalipa kama kawaida" mara nyingi anakubali. Mwezi wa pili na wa tatu beba koti la mvua, maana kurudi Uyole au Mbalizi usiku na mvua za huku na bajaji zimepandisha bei sio mchezo. Mkikosa kabisa king'amuzi fuateni matokeo laivu kwenye simu, bando dogo linatosha, picha sio lazima.

Na kubeti... nitasema mara moja. Timu yako usiiweke kwenye mkeka. Mapenzi yanakudanganya, odi zake zinavutia kwasababu wanajua unavyowaza.

Ngwe ya lala salama, mechi kama tano za mwisho, badilisha unavyoangalia. Unakuwa na mechi yako na mechi za majirani zako, na zile za majirani ni nusu ya stori. Siku ya mwisho zote zinaanza muda mmoja, 2024 ilikuwa Mei 19 saa 12 jioni kwetu. Kwahiyo simu mbili, au mgawane, mmoja anaita matokeo ya kwingine. Ila kabla hujapanga sherehe piga hesabu kama kuna kitu kweli. Luton asubuhi ya siku hiyo alikuwa nyuma ya Forest pointi 3 na mabao 12. Kihesabu alikuwa hai, kiukweli alishazikwa, na ikaisha Forest kashinda kwa Burnley mbili moja na Luton kapigwa nne mbili na Fulham.

Wakishuka una njia mbili. Kama bado unawataka, Championship (daraja la pili) ni timu 24 na mechi 46, kwenye TV zetu hawaonekani mara kwa mara kwahiyo itakuwa matokeo ya simu na video fupi za mabao, na ujiandae maana Luton walishuka tena mwaka uliofuata mpaka League One, daraja la tatu. Kama huwezi, mwezi wa tano huo huo angalia zinazopanda na uchague nyingine, ratiba ikitoka mwezi wa sita uanze kuzungushia zile za nyumbani na wenzake wa mkiani.