Tangi la samaki wa baharini linavuja Mwanza, wewe uko ughaibuni

Ujumbe wenyewe huwa mfupi. "Shikamoo bosi. Samahani kwa usumbufu, lile tangi la samaki naona kama linatoa maji." Mwanza ni saa moja asubuhi. Minneapolis, Marekani, ni saa nne au saa tano usiku, kutegemea majira, na wewe ndiyo kwanza unavua viatu baada ya zamu. Picha iliyokuja na ujumbe inaonesha vigae vyenye maji na mguu wa mtu. Basi.

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba Bwiru, Nyegezi, Capri Point au Buswelu aliyeamua kuweka bahari sebuleni, katika mji ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na zaidi ya kilomita 1,000 za barabara kutoka Dar es Salaam. Ziwa lote lile liko nje ya dirisha, na hata ndoo moja ya maji yake haiwafai samaki wako. Uamuzi huo sitaujadili, fedha ni zako. Ninachosema ni kwamba ukiwa mbali huwezi kuziba kioo. Unachoweza ni kuuliza maswali kwa mpangilio, na kuwa bosi ambaye kijana wa nyumbani haogopi kumwambia ukweli. Hilo la pili lina uzito kuliko silikoni ya kuzibia kioo.

Umeme kabla ya samaki

Usiulize "samaki wako salama?" Uliza kama ekstensheni imelowa. Chini ya tangi la maji ya chumvi kuna kabati, na ndani ya kabati kuna pampu, hita, skima (kifaa cha kuondoa uchafu majini kwa mapovu) na waya za taa, mara nyingi vyote vimechomekwa kwenye ekstensheni moja iliyolazwa sakafuni. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji ya bomba. Mwambie azime kwenye breka, akiwa amesimama pakavu, wala asichomoe plagi kwa mkono uliolowa. Hita nayo lazima iwe imezimwa kabla maji hayajashuka, kwa sababu ikiwaka ikiwa nje ya maji kioo chake hupasuka.

Pampu zikizimwa samaki hawafi papo hapo. Achote maji kwa kikombe safi na kuyamwaga tena humo humo kutoka juu kidogo, mara kwa mara, ili hewa iingie. Ni kazi ya kuchosha, ila inawavusha saa kadhaa mpaka mambo yaeleweke. Ukiwa na pampu ndogo ya hewa ya betri, hapa ndipo inapolipa gharama yake.

Halafu uliza: umeme ulikatika usiku? Swali hili linaokoa matangi mengi yasibomolewe bure. Pampu inayopandisha maji kutoka tangi la chini, lile dogo la kabatini, ikizimika, maji ya juu hurudi chini kupitia bomba lilelile mpaka mdomo wa bomba ubaki hewani. Kama tangi la chini lilikuwa limejaa, litafurika, na asubuhi utaambiwa kioo kimepasuka. Dalili yake ni kwamba dimbwi hutokea kila umeme ukikatika, kisha linakauka na siku nyingine zote pakavu. Dawa yake ni tundu dogo kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo tu ya uso wa maji, la kuingiza hewa na kukata mvuto, na alama ya kalamu ya wino mzito kwenye tangi la chini: maji yasizidi hapa. Tundu hilo lisuguliwe kila wiki, maana konokono na mwani hupenda kuliziba.

Tone moja kwenye kijiko

Kama umeme haukukatika, bado usikimbilie kioo. Inawezekana maji hayo si ya tangi. Kiyoyozi kilichofungwa ukutani juu yake hudondosha maji, na kioo kilichopoa hutoa jasho. Usimwambie mtu aonje: baadhi ya wanyama wa jamii ya matumbawe wanaofugwa majumbani wana sumu kali. Achukue tone kwenye kijiko cha bati na kukishika juu ya moto wa gesi kwa kitambaa. Maji ya kiyoyozi yataondoka na kuacha kijiko karibu kama kilivyokuwa. Maji ya tangi yataacha ukoko mweupe mzito unaokwanguka kwa ukucha. Akutumie picha ya kijiko.

Chumvi inasaidia upelelezi kwa namna nyingine pia. Maji matamu yakivuja polepole hukauka bila kuacha alama ya maana, lakini ya bahari huacha mstari mweupe yanakopita. Muombe video, si picha: taa ya simu iwashwe, aanze chini kabisa, apande taratibu kwenye kila kona, kisha kila kiungo cha bomba ndani ya kabati. Asifute ule weupe kabla hujauona. Ukoko unapoanzia juu ndiko maji yanakotoka, na chini ni njia tu. Mara nyingi utaishia kwenye mpira wa pampu uliolegea, kiungo cha bomba kilichopoteza raba yake, au kikombe cha skima kilichofurika. Hayo ni ya fundi bomba na bisibisi.

Ukishajiridhisha kwamba mabomba ni mazima, afute viungo vyote vya kioo mpaka vikauke kabisa, abandike vipande vya karatasi ya chooni kwa selotepu kuzunguka chini na kwenye kona, kila kipande na namba yake, kisha aviache. Kitakacholowa cha kwanza ndicho kinachosema. Sambamba na hilo aweke kipande cha selotepu kwenye uso wa maji na kuandika saa. Maji yakishuka halafu yakasimama yenyewe, tundu liko usawa huo.

Kipimo cha chumvi hakidanganyi

Sehemu hii isome mara mbili, kwa sababu ndiyo inayotofautisha tangi la baharini na tangi la sato.

Maji yakikauka kwa joto, chumvi haiondoki nayo. Inabaki tangini na maji yanazidi ukali. Maji yakivuja, chumvi inavuja nayo, na yaliyobaki yana ukali uleule. Kwa hiyo kama usawa wa maji umeshuka na hakuna aliyeongeza kitu, refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi ya maji, inakupa jibu. Chukua tangi lenye lita 300 na chumvi ya 35, ndicho kipimo cha kawaida cha bahari, yaani gramu 35 kwa kilo moja ya maji ya bahari. Zikipungua lita 20 kwa joto, kipimo kitapanda hadi kama 37.5. Zikipungua lita 20 kwa kuvuja, kitabaki 35.

Sasa weka binadamu ndani ya hesabu. Kijana ameona maji yanapungua. Anajua tangi lile lina thamani kuliko mshahara wake wa miezi kadhaa, na mara ya mwisho pampu ilipoharibika ulipiga kelele kwenye simu mpaka shangazi akasikia. Atafanya ambalo mtu yeyote mwenye hofu angefanya: kila asubuhi anajazia maji yasiyo na chumvi, anapangusa sakafu, anakuambia "huku salama tu bosi." Lita 5 zikivuja kila siku na lita 5 za maji matamu zikarudishwa, baada ya siku 10 chumvi itakuwa imeshuka kutoka 35 hadi karibu 30. Samaki wengi watavumilia. Matumbawe yatakunja na kuanza kufa, na wewe utadhani ni ugonjwa.

Kipimo kinachoshuka wiki baada ya wiki, wakati usawa wa maji haubadiliki, kina maana moja kubwa: kuna mahali panavuja na kuna mtu au mashine inayojazia. Nasema mashine kwa sababu vile vifaa vya kujazia maji vyenyewe hufanya kosa hilohilo, na vyenyewe haviogopi mtu. Dai namba ya chumvi kila Jumapili, pamoja na kiasi cha maji kilichoongezwa wiki nzima. Lita zikipanda ghafla bila joto kuongezeka, anza kuuliza.

Na ukiletewa habari mbaya, neno la kwanza liwe asante. Kumgombeza mlinzi wa nyumba yako saa saba usiku wa huko uliko ni raha ya dakika mbili tu, na baada ya hapo hutaambiwa tena chochote kwa wakati. Kurudisha chumvi nako kusifanywe kwa hasira: ipande 1 hadi 2 kwa siku, isizidi, na ikorogwe pembeni kwenye ndoo, si kumwagwa juu ya samaki.

Kuhamisha viumbe

Ikiwa ni mshono wa kioo unaovuja, shusha maji kwanza. Nguvu inayosukuma mshono hutegemea kina, kwa hiyo tangi lililoshushwa hadi nusu hupumua, na kama tundu liko juu, uvujaji utakoma kabisa. Umepata siku, pengine wiki, ya kupanga.

Kwa kuhama kabisa, tafuta mapipa ya plastiki yaliyobeba chakula. Lililobeba dawa ya kuulia wadudu wa pamba, hata lioshwe mara ngapi, liache. Tumia maji ya tangi lenyewe, yale masafi ya juu, kabla mchanga haujachokonolewa. Mchanga wa zamani ukichimbuliwa hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu inayoua samaki, kwa hiyo unatolewa mwisho na haurudi kwenye maji ya viumbe. Mawe yakae ndani ya maji ya chumvi yanayozunguka, si juani barazani. Mapipa yafunikwe wavu, kwa kuwa samaki aliyeshtuka huruka. Mwenye kazi avae glavu nzito.

Ukikosa mtu wa kusimamia, Nyegezi kuna kampasi ya FETA, wakala wa mafunzo ya uvuvi, na wapo vijana waliosomea ufugaji wa viumbe maji wanaohudumia vizimba vya sato ziwani. Maji ya bahari huenda hawajayashika, lakini oksijeni, joto na namna ya kumshika samaki bila kumuumiza wanavijua. Mlipe mmoja wao siku nzima.

Fundi na tyubu yake

Fundi wa aluminiamu atafika na silikoni ya madirisha, na atasema "hii ndogo bosi, naziba kwa nje dakika kumi." Kataa kwa upole. Maji yanasukuma kutoka ndani, kiraka cha nje yanakibandua. Pia silikoni nyingi za bafuni na madirishani zina dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ni sumu kwa viumbe wa tangi. Unataka silikoni tupu asilimia 100, ile yenye harufu kali ya siki inapokauka, isiyo na maandishi ya kuzuia ukungu. Mwombe apige picha tyubu mbele na nyuma kabla haijafunguliwa. Na fundi wa mitumbwi wa Kirumba, pamoja na heshima zote kwa kalafati yake, hahusiki hapa.

Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani. Kwa hiyo tangi linakaushwa, utepe wote wa ndani unakwanguliwa kwa wembe, kioo kinafutwa kwa asetoni mpaka kitambaa kitoke safi, kisha unapakwa utepe mpya kuzunguka pande zote, si pale palipovuja tu. Iachwe saa 48 angalau. Tangi kubwa lipe wiki. Ila kama gundi iliyoshika kioo kwa kioo ndiyo iliyoachia, ukaona mapovu au mwanya katikati ya unene wake, hapo tangi linavunjwa na kuunganishwa upya, au unanunua jingine. Kioo chenye ufa hakizibwi. Kinabadilishwa.

Kabla ya kurudisha, iwekwe pima maji juu ya kabati, urefu na upana. Lita 300 za maji ya bahari ni zaidi ya kilo 300 bila kioo wala mawe, na kabati la mbao lililonyonya chumvi au kuliwa na mchwa kona moja hupinda kidogo kidogo hadi mshono uachie. Ukitengeneza kioo na kuacha kabati, mtaonana tena na fundi.

Jaribio lifanywe kwa maji ya bomba, siku tatu au nne, karatasi zikiwa zimebandikwa upya. Malipo yafuate hapo: nusu ya fedha ilipwe siku ya kuanza, nusu nyingine baada ya karatasi kukaa kavu siku zote hizo. Mwambie fundi masharti hayo kabla hajashika wembe.

Maji ya zamani yasimwagwe bustanini, yataua michungwa na nyasi. Yasipelekwe ziwani pia, wala kiumbe chochote kutoka tangini. Magugu maji yaliingia Ziwa Victoria kutoka mahali pengine na hadi leo mitumbwi inakwama ndani yake.

Ukija likizo, sandukuni weka refraktomita, tyubu mbili za silikoni, pampu ya hewa ya betri na vile vitambuzi vidogo vya maji vinavyolia na kutuma ujumbe kwenye simu. Chumvi ya kutengenezea maji ya bahari itume kwa meli, kwa sababu kujaza lita 300 tu kunataka zaidi ya kilo 10, na chumvi ya mezani, hata ya Uvinza, haina uwiano wa madini unaotakiwa. Matumbawe hai usiyabebe kabisa. Matumbawe magumu yamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na bila vibali vinavyotakiwa yatabaki uwanja wa ndege, na pengine wewe nayo.