Somo: Kupima mkao wa asili wa kichwa na shingo kwa picha

Neno moja huharibu kipimo hiki: "Simama vizuri, mama." Ukishalitamka, mama wa Uyole aliyebeba viazi kichwani tangu usichana wake ananyoosha shingo, anavuta kidevu, anabana pumzi. Hapo umepima heshima anayokupa. Mkao wake ameuacha mlangoni.

Kwanza andaa chumba. Ning'iniza timazi la fundi mwashi lionekane ndani ya picha, maana ndilo wima wa kweli. Kamera ikilala upande nyuzi mbili, pembe ya shingo utakayoipima kwenye picha nayo inakosewa nyuzi mbili. Iweke kwenye stendi, usawa wa bega la anayepimwa, uihakikishe kwa pimamaji. Usiisogeze karibu, picha itapinda. Kaa mbali kidogo, kisha vuta kwa lenzi.

Juni na Julai hapa Mbeya watu huja na sweta juu ya sweta. Chumba kipate joto kabla hawajavua, kwa sababu anayetetemeka hupandisha mabega. Akina mama wajifunge kanga kifuani, na awepo mhudumu wa kike. Ridhaa isainiwe kabla ya yote haya.

Sasa alama, na hapa nawaomba msiharakishe. Mwambie ainamishe kichwa, upapase nundu iliyochomoza zaidi chini ya shingo. Huenda ikawa pingili ya saba ya shingo, huenda ikawa jirani yake. Weka vidole viwili juu ya nundu mbili, kisha mwombe ainue kichwa na kukilaza nyuma taratibu. Ya sita huzama chini ya kidole. Ya saba hubaki. Akisharudi wima, papasa tena ndipo ubandike, kwa kuwa ngozi huteleza juu ya mfupa. Tumia kishanga kilichochomoza ili kionekane kwa ubavu. Alama ya pili ni stika ndogo kwenye kile kinyama kinachokinga tundu la sikio. Nywele zifungwe juu.

Kisha mkao wenyewe. Mwaka 1862 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza kuwa kichwa kiko katika hali yake ya asili mtu anaposimama na mtazamo wake umelala sawa. Mwaka 1971 watafiti Solow na Tallgren walipima kwa njia mbili: mtu kutafuta mizani yake mwenyewe, na mtu kujitazama machoni kwenye kioo. Mimi huanza na mizani. Ainamishe kichwa mbele na nyuma, mwendo ukipungua mpaka kitulie chenyewe. Chagua njia moja, uishike utafiti mzima. Piga picha tatu, na kati ya picha na picha atembee kidogo.

Kupata pembe ni kazi ndogo. Programu za kompyuta Kinovea au ImageJ, zote za bure, zitakupimia pembe kati ya mstari mlalo unaopita pingili ya saba na mstari unaotoka hapo kwenda sikioni. Pembe ikiwa ndogo, kichwa kimetangulia mbele zaidi. Chukua wastani wa picha tatu.

MASWALI

Mwanafunzi wa fiziotherapia, Iringa: Shikamoo mwalimu. Chini ya nyuzi ngapi ni ugonjwa?

Marahaba. Tafiti nyingi huweka mpaka kati ya nyuzi 48 na 50, lakini huo ni mpaka wa kugawa makundi. Umri pia hubadili pembe, na wapo wenye pembe ndogo wasioumwa chochote. Andika pembe, andika na maumivu, kila kimoja mahali pake.

Dada kutoka Tukuyu: Wabeba ndizi niwapime kabla ya mzigo au baada?

Inategemea swali lako, dada. Ukitaka mkao wao wa kila siku, wapime asubuhi kabla hawajabeba. Ukitaka athari ya mzigo, pima mara zote mbili na uandike dakika zilizopita tangu atue. Usiyachanganye kwenye jedwali moja.

Kaka kutoka Njombe: Tuko wapimaji wawili, namba hazilingani.

Mara nyingi tofauti iko vidoleni, kaka. Kila mmoja apapase upya, alama ya mwenzake ikiwa imebanduliwa na kufutwa, bila kuona namba yake. Kisha kokotoeni kosa la kipimo kwa nyuzi. Kosa lenu likiwa nyuzi 3, na mgonjwa baada ya wiki sita za mazoezi ameongeza nyuzi 2, msiandike kwamba amepata nafuu.